Behewa la Wamalwa

Miaka ile ziwa la Nakuru lilipokauka, na vumbi lake jeupe la magadi likawa linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, mjini kulikuwa na mambo mawili ambayo mtu hangeweza kuyakwepa. La kwanza ni vumbi lenyewe. La pili ni hadithi ya Wamalwa ya behewa.

Alikuwa akiisimulia kwa kinyozi, na kwenye foleni ya maji. Aliwahi kuisimulia matangani marehemu akiwa bado hajafunikwa vizuri, na wafiwa wakaacha kulia ili wasikie mwisho wake. Ilikuwa hivi. Mwaka wa arobaini na tatu, Wamalwa akiwa kijana wa reli, mtu wa kufunga na kufungua mabehewa stesheni, behewa moja lililojaa mahindi lilijing'oa likaanza kuteremka lenyewe kuelekea pale kina mama walipokuwa wakiuza uji. Watu wakapiga mayowe. Wamalwa akaruka, akaning'inia, akakamata breki "kwa mkono huu huu mnaouona", na behewa likasimama hatua tatu tu kabla ya sufuria ya kwanza. Hapo alikuwa akikunja shati aonyeshe kovu. Kovu lilikuwepo kweli. Mkewe, Nelima, alijua kwamba lilitokana na mafuta ya kukaangia samaki, lakini Nelima alikuwa mwanamke wa kunyamaza.

Nawe usidhani hadithi ilibaki ilivyozaliwa. Mwaka wa arobaini na tano behewa lilikuwa moja. Kufikia hamsini na mbili yalikuwa mawili. Mwaka wa hamsini na saba, ambao ndio mwaka wa habari hii, yalikuwa matatu na injini ilikuwa karibu kufuata.

Mtu mwenyewe alikuwa mfupi, masikio makubwa, miguu mikubwa zaidi, na ulimi usio na likizo. Reli ilimwachisha kazi kwa sababu ya ulimi huo. Akawa mpishi huko Milimani, mtaa wa Wazungu, akaachishwa kwa sababu alimwiga bwana wake anavyokohoa, na bwana alikuwa mlangoni. Akauza makaa, akafanya kazi Kariandusi kwenye machimbo ya udongo mweupe, akirudi nyumbani jioni mweupe kama maandazi kabla ya kukaangwa. Kote huko ulimi wake ulikuwa kosa. Alikuwa amekaribia miaka arobaini alipopata kazi ambayo ulimi ndio uliotafutwa.

Kazi hiyo ilitoka kwa Surjit Singh, fundi wa redio. Surjit alikuwa amepata mashine ya kunasa sauti, sanduku zito kama mbuzi aliyeshiba, lenye magurudumu mawili ya tepu yanayozunguka. Bwana wa welfare, ofisa wa ustawi wa manispaa, alipoiona, alitaka kipindi cha kuwachangamsha watu kila Jumamosi alasiri kwenye holi la lokesheni, mtaa wa Waafrika: watu wa Nakuru wenyewe wasimulie mji wao ulivyoanza, na spika iliyofungwa juu ya mlingoti itangaze. Sharti lake lilikuwa moja, iwe hadithi za zamani, si za juzi. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na za juzi zilikuwa na watu wa serikali wa kuzisikiliza.

Kipindi kikaitwa Nakuru Yasema. Lakini Surjit akiingia na sanduku lake kwenye nyumba ya mtu, Nakuru ilikuwa haisemi. Mwenye nyumba alisalimia, akakohoa, akanyamaza. Ndipo Surjit akamtafuta mtu ambaye angeweza kulitongoza hata jiwe likajibu.

"Wamalwa, sikia mimi," alimwambia siku ya kwanza, akiwa ameweka kiganja juu ya mashine. "Hii mashine kazi yake moja tu, kushika maneno ya kweli. Uongo sema kwa kinyozi, sema kwa kilabu, mimi hapana jali. Lakini uongo ikiingia hapa, mji yote itacheka, bwana welfare atafunga kipindi. Siku hiyo mashine inatoka kwa mkono yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Singh."

"Haya. Sema kitu kidogo, tujaribu."

Na Wamalwa, akiwa na maikrofoni mdomoni kwa mara ya kwanza maishani, akasema kitu alichokijua zaidi. Alisimulia behewa. Yote matatu, na injini. Surjit, ambaye hakuwa ameisikia maana alihamia kutoka Kisumu juzi tu, alifurahi mno akaifanya kuwa ufunguzi wa kipindi. Ndiyo iliyokuwa tepu ya kwanza ya Nakuru Yasema, na kila Jumamosi kabla ya hadithi mpya ilitangulia kipande chake: "Kwa mkono huu huu mnaouona!" Watoto wa lokesheni waliikariri kama sala.

Basi wakazunguka, Wamalwa na Chemutai, msichana wa Kipsigis aliyefundisha kushona pale holini. Chemutai alibonyeza vitufe kwa sababu vidole vyake havikutetemeka. Wamalwa alibeba mashine kichwani na betri ya gari mkononi, na ulimi mahali pake pa kawaida. Walikwenda Section 58, mtaa wa Wahindi, ambako mama yake Jayantilal mwenye duka la vitambaa alisimulia, huku mwanawe akitafsiri na kuona haya, jinsi alivyopika chapati zake za kwanza za Nakuru juu ya koleo la makaa la reli, na wali ukiwa na mchanga. Walikwenda kando ya ziwa kwa mzee Kosgei, mchungaji, aliyesema kwamba mji huu walioujenga ni wageni, lakini vumbi ndilo mwenyeji, na mwenyeji hachoki kudai chumba chake. Walinasa mpishi mwingine wa Milimani akiiga vikohozi vya mabwana sita tofauti bila kutaja hata jina moja, na Jumamosi ile watu walitambua vikohozi vinne.

Wamalwa alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alipokuwa akipita, watu walimwita, "Mzee wa tepu! Lini utakuja kwangu?" Usiku alilala akiwaza nani bado hajasema. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote chenye mpini, na hilo tuliseme wazi, maana ndiyo kazi aliyokuwa karibu kuipoteza.

Kila nyumba waliyoingia, wanawake walimwambia Chemutai neno moja: "Mmeshaenda kwa Mama Nasambu? Aliyekuwa akiuza uji stesheni tangu reli ilipokuwa changa? Huyo ndiye anayejua."

Na kila mara Wamalwa alikuwa na sababu. Leo betri imechoka. Kesho mvua itanyesha, ilhali mawingu yalikuwa hayajaonekana tangu Pasaka. Mama Nasambu haoni vizuri. Mama Nasambu hasikii. Mama Nasambu pengine amekwenda kwao Kimilili.

"Bwana Wamalwa," Chemutai alimwuliza siku moja, "huyu mama alikukosea nini?"

"Ni mama mkwe wangu," akajibu, akaharakisha hatua.

Sasa, kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo kwa nyumba ile ilikuwa na mlango wake: siku mkwe atakapoleta blanketi kwa mkono wake mwenyewe, basi wanaweza kuketi na kusemezana. Wakwe wengi hulipeleka baada ya mtoto wa kwanza. Wamalwa alikuwa na watoto wanne na hajalipeleka. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na kila mwaka blanketi lilikuwa na udhuru wake. Lokesheni nzima ilimsifu: tazama mtu anavyoheshimu desturi! Akipita mitaani na kuona tu leso inayofanana na ya Mama Nasambu, alijirusha nyuma ya kibanda. Hakukuwa na mkwe mwenye adabu kama yeye kutoka Naivasha hadi Molo.

Ukweli ni kwamba alimwogopa. Nasambu alikuwa pale stesheni siku ya behewa.

Mwezi wa nane habari ikaja kwamba mwanawe Nasambu amehamishwa kazi, na mama atarudi Kimilili mwisho wa mwezi. Hapo Chemutai hakuuliza tena. Alichukua sanduku mwenyewe, likamlemea, na Wamalwa akaona aibu akalipokea.

Nasambu alikaa ukingoni mwa lokesheni upande wa ziwa, katika kibanda chenye ua wa michongoma. Wamalwa hangeweza kuingia, kwa hiyo walipanga hivi: Chemutai na mashine ndani ya ua, Wamalwa na betri nje ya ua akiwa amegeuza mgongo, na waya ukipita kwenye tundu la kuku. Akaketi chini vumbini, betri kati ya miguu, kama mtu anayelinda mayai.

Akamsikia Chemutai akisalimia. Akasikia sauti ya mama ambayo, tangu aoe, ukiacha kupitia kuta na vichaka, hakuwahi kuisikia karibu hivyo. Ilikuwa sauti kavu na yenye kicheko chini yake. Nasambu alisimulia stesheni ilipokuwa mabati mawili. Alisimulia Wahindi, Wajaluo, Wanandi na Wakikuyu waliokunywa uji kutoka kwenye sufuria moja, kila mmoja akidai kwamba watu wa kwao ndio waliofika hapo kwanza. Ilikuwa tepu nzuri. Wamalwa mwenyewe, amegeuza mgongo vile, akajikuta anatabasamu.

"Halafu kuna ile siku ya behewa," akasema Nasambu.

Wamalwa akachomoa waya.

"Imezima!" Chemutai akaita. "Bwana Wamalwa, kuna nini?"

"Vumbi!" akajibu. "Vumbi limeingia kwenye betri." Akapuliza kwa kelele, akarudisha waya.

"Ile siku ya behewa," Nasambu akaanza upya, "nilikuwa nimeweka kinu changu kando ya..."

Waya ukachomoka.

"Sasa ni nini?"

"Mchwa!"

Mara ya tatu ilikuwa kuku, na kwa kweli kulikuwa na kuku, alikuwa amesimama kwenye tundu akimtazama Wamalwa kwa jicho moja. Kisha Nasambu akacheka, polepole, kicheko cha mtu aliyekuwa akisubiri jambo kwa miaka na sasa limefika na viatu vyake.

Mkwe hasemezwi. Lakini hakuna desturi inayokataza mtu kusema na kuku wake.

"Wewe kuku," Nasambu akasema kwa sauti ya kufika nje ya ua, "sikiliza nikuambie, na ukitaka kumwambia mtu mwingine ni shauri lako. Unajua hicho kinu unachotagia mayai kimepasukia wapi? Hujui. Ulikuwa hujazaliwa. Kilipasuka chini ya gurudumu la behewa. Mimi ndiye niliyekisukuma. Kulikuwa na kijana mmoja wa reli, kazi yake ilikuwa kuweka gogo chini ya behewa lisitembee, na hakuweka, maana alikuwa ameketi kwangu anakunywa uji na kumchekea binti yangu. Behewa likaja. Kijana akakimbia. Nikasukuma kinu, likasimama. Bwana mkubwa wa stesheni alipotokea, mimi nilikuwa nimeshatoroka, kwa sababu tuliuza uji pale bila ruhusa na ningefungwa. Akauliza nani amesimamisha. Kijana akasema, ni mimi, bwana."

Kuku akajikuna. Wamalwa hakujikuna.

"Sikukasirika, kuku. Mwaka uliofuata kijana huyo alikuja kuposa. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mjomba mwenye ng'ombe. Wazee wetu wakaniuliza, huyu ana nini? Nikafikiri. Binti anamtaka. Nikasema, jamani, huyu si ndiye aliyesimamisha behewa? Wazee wakakubali. Nilimwazima behewa langu akaolea." Akasogeza kigoda karibu na ua. "Nilimwazima, kuku. Sikumpa. Mwisho wa mwezi naondoka, na jicho hili moja limeshaingia ukungu. Wajukuu wangu kila Jumamosi wanapiga kelele 'kwa mkono huu huu', na mkono ni wangu. Nataka kurudi kwetu na kitu changu. Sasa mwambie aliye na waya aurudishe, au auweke mfukoni aende nao. Sitamwita mara nyingine."

Vumbi likampanda Wamalwa hadi kwenye nyusi. Kisha akarudisha waya, akaushika kwa mikono miwili ili usichomoke, na Nasambu akasimulia hadi mwisho. Lakini mwisho huo Wamalwa hakuusikia. Alikuwa ameziba masikio kwa mabega, na mtu mwenye masikio kama yake hupata taabu sana kufanya hivyo.

Mashine ililala kwake Alhamisi hiyo. Kulikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza na kuzungusha tepu, sauti yote inafutika na hakuna ajuaye ilikuwa nini. Wakati wa chakula cha jioni aliketi mbele yake, kidole gumba juu ya kitufe, ugali unapoa.

"Mama amesema behewa," Nelima akasema. Haikuwa swali.

Akageuka. "Umejuaje?"

"Baba Simiyu, mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika kikombe chako."

"Kwa hiyo uliona..."

"Niliona nini? Mimi nilianza kukimbia kabla yako, na bado ulinipita." Akamwekea mboga. "Ulinipita hata hukugeuka."

Wamalwa aliona aibu mpaka machozi yakamjia. Miaka yote hiyo, kwenye kila kilabu na kila matanga, mkewe alikuwa ameketi pembeni akisikiliza mabehewa yakiongezeka.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungebaki na nini?" Nelima akajibu, bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akaondoa kidole.

Jumamosi alasiri uwanja wa holi ulijaa, maana ilikuwa imesikika kwamba Mama Nasambu amesema. Surjit aliketi mbele na kilemba chake cha sikukuu. Chemutai akaweka tepu. Kwanza, kama kawaida, spika ikapiga kelele juu ya mlingoti: "Kwa mkono huu huu mnaouona!" na watoto wakaitikia. Kisha ikaja sauti kavu: "Hamjambo watu wa Nakuru."

Wamalwa akaruka kutoka kwenye kiti kama aliyekalia kaa la moto. Mama mkwe amefika! Watu wakaanza kubishana papo hapo.

"Keti, Wamalwa," akasema Kipketer, mlinzi wa holi. "Sauti si mtu."

"Sauti si mtu?" akajibu Omolo, aliyekuwa naye reli zamani. "Na wewe bibi yako akikuita ukiwa kilabuni, mbona huwa unainuka?"

Ikaamuliwa kwamba sauti ni mtu, na mkwe mwenye adabu lazima ajifiche. Wamalwa alitafuta pa kuingilia, na uwanjani palikuwa na kitu kimoja tu chenye ubavu wa kumficha: tangi la maji la holi, lililoinuliwa juu ya mawe. Akaenda kusimama nyuma yake. Watu wakamsifu, kama kawaida.

Spika ikasema. Ilisema stesheni ya mabati mawili, uji wa sufuria moja, watu wakacheka na kuitikia. Ikafika kwenye behewa, moja, si matatu, na kinu, na bwana mkubwa, na kijana wa reli asiyetajwa jina. Kicheko kikapungua. Omolo akageuza kichwa polepole. Surjit aliacha kupapasa ndevu.

"Mtaniuliza kijana yule alikwenda wapi," ikasema sauti ya Nasambu. "Kulikuwa na tangi la maji, tupu, limelazwa kando ya reli. Nilipogeuka, niliona miguu miwili mikubwa imetokeza nje ya tangi. Ya nani, sijui. Siku ile sikumjua mwenyewe, na nilipokuja kumjua alikuwa ameshakuwa mkwe wa mtu, na miguu ya mkwe haitazamwi. Kwa hiyo mimi sikuona. Kinu ni changu, hicho ndicho nilichotaka kusema. Asanteni."

Tepu ikazunguka kimya. Alikuwa amejichukulia chake na kumfunika mkwe kwa desturi ile ile, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Na ingeishia hapo. Lakini watu mia mbili, wakubwa kwa wadogo, waligeuka kwa pamoja wakatazama tangi la holi. Chini yake, kati ya mawe, ilikuwa imetokeza miguu miwili mikubwa.

Kicheko kilichopigwa Nakuru siku hiyo, wanaokumbuka husema flamingo wachache waliobakia ziwani waliruka. Mama mmoja alikaa chini vumbini. Kipketer alishika mlingoti asianguke.

Wamalwa angeweza kukimbia, na njia aliijua. Alitoka nyuma ya tangi, akapita katikati ya watu, akafika kwenye maikrofoni. Kwa mara ya kwanza watu walimwona akitafuta neno.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Miguu. Na gogo nililosahau kuweka lilikuwa langu. Behewa lilikuwa moja. Kovu hili ni la samaki. Mama huyo aliokoa watu wote waliokuwa pale na mimi nikala sifa zake miaka kumi na minne, na zilikuwa tamu, sitadanganya tena. Basi. Chekeni."

Ajabu ni kwamba alipowapa ruhusa, walipunguza.

Surjit hakupunguza kitu. Alisubiri watu watawanyike, akamwita.

"Nilisema nini siku ya kwanza?"

"Mashine inatoka kwa mkono yangu, Bwana Singh."

"Leta tepu ya kwanza. Weka. Bonyeza hii nyekundu. Wewe mwenyewe."

Akabonyeza. "Kwa mkono huu huu" ikazunguka mara ya mwisho na ikawa upepo. Surjit akachukua maikrofoni, akampa Chemutai. "Kutoka leo yeye ndiye nauliza." Kisha akatazama sanduku, akamtazama Chemutai na mikono yake myembamba, akashusha pumzi. "Na hii betri nani nabeba? Mimi iko na mgongo mbaya." Akatikisa kichwa. "Beba betri, Wamalwa. Betri tu. Mdomo acha nyumbani."

Kwa hiyo hakupoteza yote. Alipoteza maikrofoni, na ilimuuma kila Jumamosi, wala sitasema haikumuuma. Lakini bado aliingia nyumba za watu, akaketi pembeni na betri yake, na nasikia kwamba watu walisema zaidi mbele yake kuliko mbele ya mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyeogopa kuchekwa na Wamalwa.

Jumapili, kabla ya misa ya pili, alionekana akielekea upande wa ziwa, amevaa koti, ana blanketi jipya la kijivu mikononi. Hakuingia kichakani popote. Alifika kwenye ua wa michongoma, akabisha hodi kwa sauti ndogo isiyo yake.

Nasambu alikuwa ameketi mlangoni, masanduku yake yamefungwa tayari, kuku analalia mayai ndani ya kinu kilichopasuka. Alipokea blanketi, akalipapasa ukingo, akaliweka magotini. Miaka kumi na miwili walikuwa hawajatazamana, na sasa, ingawa desturi ilikuwa imewaruhusu, Wamalwa hakujua macho yake ayaweke wapi.

"Vua viatu," Nasambu akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu harusi, bila kuku katikati.

Akavua. Mama akainama na jicho lake zima, akatazama miguu ile, mmoja kisha wa pili, bila haraka.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akanyoosha mkono ndani ya mlango, akatoa kikombe kinachofuka mvuke. "Haya, kaa. Siku ile uliacha uji wako."